Foleni za Mjini na Hesabu Isiyoandikwa

Alfajiri, kabla jua halijachomoza, vituo vya mabasi vya Mbagala, Gongo la Mboto na Mbezi huwa vimekwisha kujaa watu. Wamo vibarua wa viwandani, wachuuzi wanaouwahi mnada wa samaki wa Feri, mafundi waliobeba vifaa vyao, na wanafunzi waliovaa sare. Umbali wa kutoka Gongo la Mboto hadi katikati ya jiji la Dar es Salaam haufiki kilomita 25. Ni mwendo ambao basi lisilozuiliwa na kitu lingeumaliza kwa nusu saa hivi. Lakini kila mmoja wa watu hao amefundishwa na uzoefu kwamba hana budi kutenga saa mbili, na pengine zaidi, ikiwa anataka kufika kazini au shuleni kwa wakati. Jioni safari hiyohiyo hurudiwa kwa upande wa pili, na mzazi aliyemwacha mtoto wake amelala asubuhi humkuta amelala tena usiku.

Saa hizo zinakwenda wapi, na ni nani azilipaye? Hasara ya ukame huonekana, kwa kuwa mahindi yasiyovunwa huhesabika kwa magunia. Hasara ya moto wa ghala huonekana, kwa kuwa majivu yake yapo. Hasara ya foleni haina gunia wala majivu. Tena kuna kinyume cha ajabu ndani yake. Lita ya petroli iliyoungua huku gari limesimama huingia katika hesabu za taifa kuwa ni mauzo, na breki zilizolika kabla ya wakati wake huwa ni mapato ya gereji. Saa ya abiria aliyesimama kwa mguu mmoja mlangoni mwa daladala haiandikwi popote. Hivyo taifa laweza kuwa linapoteza mali huku vitabu vyake vikionyesha kwamba limepata.

Kwa kuwa saa hiyo haiandikwi, ni rahisi kuisahau wakati wa kutafuta dawa. Serikali za miji mingi duniani zimeshughulikia foleni kwa kuhesabu magari: mangapi yapo, mangapi yamepita, njia ngapi ziongezwe ili yapite mengi zaidi. Hapo ndipo penye kosa. Barabara ya mjini ni mali ya watu wasafirio, si ya vyombo vinavyowabeba. Na mradi watu hawahesabiwi, gharama ya foleni itaendelea kubebwa na wale wasiokuwa na chombo.

Jiji lenye vidole vinne

Dar es Salaam ilikua kutoka bandarini. Barabara kuu nne hutoka katikati ya mji na kutawanyika kama vidole vya mkono: ya Bagamoyo kuelekea kaskazini, ya Morogoro magharibi, ya Nyerere, iliyokuwa ikiitwa ya Pugu, kusini-magharibi, na ya Kilwa kusini. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 843,090 katika mkoa huo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Katika miaka 44 idadi ya wakazi imeongezeka zaidi ya mara sita, lakini vidole vimebaki vinne. Bandari, soko la Kariakoo, mabenki na hospitali kubwa zimebaki kwenye kiganja, na makazi mapya yamesogea kila mwaka kuelekea kwenye kucha.

Usafiri wa umma haukukua kwa mwendo huo. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, liliundwa mwaka 1974 ili kuwahudumia wananchi wa jiji, lakini uhaba wa mabasi na wa vipuri ulilizidi nguvu. Mwaka 1983 Serikali iliwaruhusu watu binafsi kuendesha mabasi ya abiria mjini, na daladala zikashika sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kwa upande mwingine, kila aliyepata uwezo wa kununua gari lake alilinunua, wala hapana wa kumlaumu. Aliyechoka kusimama kituoni saa nzima hutafuta njia ya kujiokoa. Shida ni kwamba kila mmoja anapojiokoa peke yake kwa gari, barabara ileile hugeuka kuwa tope linalowakwamisha wote.

Barabara si bomba la maji

Watu wengi hudhani kwamba barabara hufanya kazi kama bomba: ukisukuma maji mengi zaidi upande mmoja, mengi zaidi yatatoka upande wa pili. Magari hayafuati kanuni hiyo. Mwaka 1935 mhandisi wa Marekani, Bruce Greenshields, alichapisha uchunguzi alioufanya katika barabara za jimbo la Ohio. Alionyesha kwamba kadiri magari yanavyoongezeka katika kila kilomita ya barabara, ndivyo madereva wanavyolazimika kupunguza mwendo. Mwanzoni idadi ya magari yapitayo kwa saa huongezeka, kwani wingi wao hufidia upungufu wa mwendo. Kisha hufika kikomo. Baada ya kikomo hicho, kila gari linaloongezeka hupunguza idadi ya magari yanayovuka, mpaka barabara ijae kabisa na lisipite hata moja. Kwa maneno mengine, barabara hutoa huduma ndogo zaidi wakati uleule inapotakiwa mno.

Wala si lazima pawe na ajali au gari bovu ili foleni itokee. Mwaka 2008 watafiti wa Japani, akiwamo Yuki Sugiyama, walitangaza matokeo ya jaribio rahisi ambalo mwalimu yeyote anaweza kulichora ubaoni. Waliyapanga magari 22 katika duara lenye mzunguko wa mita 230, wakawaambia madereva waende kwa mwendo mmoja wa kilomita 30 hivi kwa saa. Hapakuwa na taa, kivuko, wala njia panda. Kwa muda mfupi mambo yalikwenda vyema. Kisha dereva mmoja akapunguza mwendo kidogo tu, wa nyuma yake akapunguza zaidi, na wa tatu zaidi ya hapo, hata baadhi ya magari yakasimama kabisa. Wimbi hilo la kusimama likawa linarudi nyuma kuzunguka duara, ilhali magari yenyewe yalikuwa yakienda mbele. Hii ndiyo sababu abiria hukaa katika foleni ndefu, na foleni ikifunguka hakioni chochote kilichoisababisha.

Bei ya gari moja

Gharama ya foleni hueleweka vizuri zaidi kwa hesabu ndogo. Na ichukuliwe njia panda moja ambayo, asubuhi, ni kama mlango mwembamba: gari dogo moja huvuka kila baada ya sekunde 2, na basi, kwa ukubwa wake, huchukua sekunde 4. Tayari foleni imeanza. Gari dogo moja, lenye watu wawili, linaingia katika foleni hiyo. Nyuma yake, kabla foleni haijakwisha, yatafika magari mengine 600: madogo 540 yenye watu wawili wawili, na mabasi 60 yenye watu 40 kila moja.

Dereva wa gari lile huona gharama yake mwenyewe, yaani muda atakaoungoja. Haoni kwamba kila aliye nyuma yake atachelewa kwa sekunde 2 zaidi kwa sababu yake. Sekunde 2 ni kitu kidogo, hakuna atakayezisikia. Lakini walio nyuma ni watu 1,080 katika magari madogo na watu 2,400 katika mabasi, jumla 3,480. Wote pamoja wamepoteza sekunde 6,960, ambazo ni dakika 116. Gari moja, kwa kuvuka mlango mara moja, limetwaa karibu saa mbili za maisha ya watu wengine, na halikulipa hata senti.

Sasa na liingie basi badala ya gari lile. Litawachelewesha walio nyuma kwa sekunde 4, yaani hasara itakuwa maradufu: dakika 232. Lakini basi hilo limebeba watu 40. Ukigawanya, kila abiria wa basi ametwaa chini ya dakika 6 za wenzake, na kila mtu wa gari dogo ametwaa dakika 58. Tofauti ni mara kumi. Askari wa barabarani anayetazama njia panda ile huona basi kubwa lililoziba njia. Hesabu huona kitu kingine kabisa.

Jambo la pili katika mfano huo lastahili kuangaliwa. Mabasi ni 60 tu kati ya vyombo 600, sehemu moja ya kumi. Lakini ndani yake wamo zaidi ya theluthi mbili ya watu wote waliomo katika foleni. Anayehesabu magari ataona kwamba mabasi ni jambo dogo. Anayehesabu watu ataona kwamba mabasi ndiyo barabara yenyewe.

Mwanauchumi wa Uingereza, Arthur Pigou, aliutumia mfano wa barabara iliyojaa katika kitabu chake cha mwaka 1920 ili kueleza kwamba bei anayoilipa mtu mara nyingi huwa ndogo kuliko gharama anayoitwisha jamii. Tangu wakati huo kanuni hiyo haijabishaniwa sana na wataalamu. Kinachobishaniwa ni nani atakayekuwa na ujasiri wa kuitekeleza.

Mafuta yanayogeuka kuwa joto

Mbali na muda, kuna mali inayoungua waziwazi. Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo ikizidishwa na mraba wa kasi. Gari la kilo 1,200 likifikia kasi ya mita 10 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 36 kwa saa, huwa na jouli 60,000 za nishati hiyo. Dereva akikanyaga breki mpaka asimame, jouli zote hizo hugeuka kuwa joto katika magurudumu na kupotea hewani. Ili kulirudisha gari katika kasi ileile, injini ambayo hutumia vizuri sehemu moja tu ya tano ya nishati ya petroli hulazimika kuteketeza jouli 300,000. Lita moja ya petroli ina jouli zipatazo milioni 33. Basi kila mara gari linapofikia kasi hiyo na kusimama, mililita 9 hivi zimekwenda bure. Likisimama hivyo mara 50 kati ya nyumbani na ofisini, karibu nusu lita imemwagwa barabarani kama maji. Hapo hayajahesabiwa mafuta yanayoungua wakati gari limesimama tu likiunguruma, wala moshi unaovutwa na muuza karanga anayepita kati ya magari.

Mafuta hayo hayachimbwi Tanzania. Huagizwa kwa fedha za kigeni, zilezile ziagizazo dawa, mashine na vitabu. Kwa hiyo foleni ya Ubungo hulipwa pia na mkulima wa pamba wa Shinyanga na mkulima wa korosho wa Mtwara, ambao jasho lao ndilo huleta fedha hizo, hata kama hawajaiona Ubungo maisha yao yote.

Kadhalika bandari. Malori yatokayo bandarini kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi hupita Barabara ya Mandela na kukutana na magari ya jiji katika njia panda kuu. Lori lililokwama kwa nusu siku ndani ya jiji limepoteza nusu siku ya mshahara, ya riba ya mkopo na ya kazi ya chombo, na gharama hiyo huongezwa katika bei ya shehena. Mnunuzi wa Lubumbashi au Kigali hulipa sehemu ya foleni ya Dar es Salaam kila anunuapo bidhaa iliyopita huko.

Konda na mwanafunzi

Pamoja na hayo yote, mahali ambapo gharama ya foleni huuma zaidi ni mlangoni mwa daladala. Dereva na konda wengi hawana mshahara. Hupaswa kumpelekea mwenye gari kiasi maalumu cha fedha kila siku, kiitwacho hesabu, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho riziki yao. Tuseme safari moja huchukua dakika 45 barabara ikiwa wazi. Katika saa 12 za kazi gari hufanya safari 16. Foleni ikiifanya safari hiyo kuwa ya dakika 90, safari hubaki 8. Mapato yamekatika nusu, lakini hesabu ya mwenye gari haikupungua, na mafuta kwa kila safari yameongezeka.

Konda atafanya nini? Atajaza abiria hadi mlango usifungike. Atakatisha safari na kuwashusha watu katikati ya njia ili awahi kugeuza. Dereva wake atapita pembezoni mwa barabara na kuendesha kwa pupa kila apatapo nafasi. Na atamwacha mwanafunzi. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Gari likifanya safari nyingi, nafasi ya mwanafunzi haimtii konda hasara kubwa, lakini safari zikiwa chache kila nafasi inakuwa ghali. Hivyo mkono wa konda unaomzuia mtoto mwenye sare mlangoni husukumwa na kitu kilicho mbali naye, yaani urefu wa foleni. Watu humlaumu konda kwa ukatili, na ukatili upo. Lakini mafunzo ya adabu peke yake hayataondoa sababu iliyouzaa.

Mwalimu anayemwadhibu mwanafunzi kwa kuchelewa kipindi cha kwanza angefanya vyema kulitafakari jambo hili. Mtoto aliyeachwa na mabasi manne, akasimama kwa saa nzima ndani ya la tano, na kuingia darasani akisinzia, tayari amekwisha kuadhibiwa. Hasara ya kipindi alichokikosa haitaonekana mwaka huu wala mwakani. Itaonekana siku taifa litakapomtafuta fundi, mganga au mhandisi ambaye angekuwa yeye.

Saa ya nani ina thamani?

Wapo wasemao kwamba saa za foleni hazifai kuhesabiwa kuwa hasara ya uchumi, kwa sababu si lazima mtu angezitumia kufanya kazi. Hoja hiyo ina ukweli wake. Tukikadiria kwa mfano kwamba watu milioni moja hupoteza saa moja kila siku kwa siku 250 za kazi, hizo ni saa milioni 250, sawa na kazi ya mwaka mzima ya watu 125,000. Haifai kudai kwamba saa zote hizo zingegeuka kuwa bidhaa. Baadhi zingekuwa usingizi, baadhi zingekuwa maongezi ya jioni, nyingine zingekuwa mzazi kumsaidia mwanawe hesabu za shule. Lakini ni nani aliyesema kwamba usingizi wa mfanyakazi hauna thamani? Uchumi upo kwa ajili ya maisha ya watu, wala maisha hayapo kwa ajili ya takwimu.

Hatari iko mahali pengine. Wakadiriaji wa miradi mara nyingi hupima thamani ya muda kwa kipato cha msafiri. Kwa kipimo hicho saa moja ya mkurugenzi huweza kuzidi saa za abiria ishirini wa daladala, na mradi unaompunguzia yeye dakika tano utaonekana bora kuliko ule unaowapunguzia hao ishirini dakika tano hizohizo. Hapo hesabu imetoa hukumu ya kisiasa huku ikijidai kuwa ni sayansi. Nchini Uingereza, kwa miaka mingi, wakadiriaji wa miradi ya barabara walitumia thamani moja ya wastani kwa saa ya msafiri asiyekuwa kazini, awe tajiri au maskini. Mji wenye maskini wengi una sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo.

Dawa na mpangilio wake

Dawa ya kwanza itajwayo ni kupanua barabara, na Dar es Salaam imeitumia. Barabara ya juu ya Tazara ilifunguliwa mwaka 2018 na ile ya Ubungo mwaka 2021. Kazi ya kupanua kilomita 19.2 za Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha hadi njia nane ilianza mwaka 2018. Kazi hizo hazikuwa bure. Njia panda mbili zilizokuwa kero kubwa zilipata nafuu. Lakini Anthony Downs wa Marekani alikwisha kuonya mwaka 1962 kwamba barabara ya mjini ikipanuliwa, magari huongezeka saa za asubuhi na jioni mpaka yaijaze tena. Aliyekuwa akitoka saa kumi alfajiri kukwepa foleni hurudi saa moja. Aliyekuwa akipanda basi hununua gari. Mwingine hujenga mbali zaidi. Nafasi ikitolewa bure huliwa.

Dawa ya pili ni kutoza bei. Singapore ilianza mwezi Juni 1975: gari dogo lililotaka kuingia katikati ya mji asubuhi lililazimika kununua kibali cha dola 3 za nchi hiyo kwa siku, na magari yaliyoingia yalipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba gari lililobeba watu wanne au zaidi halikutozwa. Singapore, tangu siku ya kwanza, ilihesabu watu. London ilifuata Februari 2003 kwa tozo ya pauni 5, na iliongeza mabasi ili walioacha magari wapate cha kupanda. Stockholm ilijaribu mwaka 2006. Magari yaliyovuka mpaka wa katikati ya mji yalipungua kwa takriban moja ya tano, na tozo ikawa ya kudumu mwaka 2007.

Je, Dar es Salaam ianze kutoza kesho? Hapana. Kumtoza mtu kwa kutumia gari ilhali hakuna basi la kumchukua ni kumwadhibu, si kumwelekeza. Miji hiyo mitatu ilikuwa na mabasi au treni za kutegemewa. Kwa hiyo mpangilio wa dawa una uzito sawa na dawa zenyewe, na cha kwanza ni njia ya basi.

Hili nalo Dar es Salaam imelionja. Mwezi Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kazi katika njia za peke yake, zipatazo kilomita 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Kariakoo. Kwa mara ya kwanza katika historia ya jiji hilo, abiria wa basi alilipita gari la kifahari lililokwama. Baadaye mengi yaliharibika: mabasi hayakutosha, foleni ya magari ikahamia vituoni ikawa foleni ya watu, na bonde la Jangwani lilifurika mara kwa mara na kusimamisha huduma. Wapo waliotumia kasoro hizo kudai kwamba zege lile lilikuwa hasara na kwamba magari yote yaruhusiwe kulipitia. Fikira hiyo ni sawa na ya mtu abomoaye kisima kwa sababu kamba ya ndoo imekatika. Njia isiyo na mabasi ya kutosha inahitaji mabasi, na bonde lifurikalo linahitaji daraja na mifereji. Njia yenyewe ni mali ambayo vizazi vijavyo visingeweza kuinunua tena, kwa kuwa kila mwaka nyumba husogea karibu zaidi na barabara.

Baada ya njia na mabasi, yafuate mengine. Dereva na konda walipwe mshahara badala ya kukimbizana na hesabu. Treni za mjini, zilizoanzishwa Oktoba 2012 katika reli ya Kati na ya Tazara, zipewe nafasi kubwa zaidi, kwani behewa halikutani na taa za Buguruni. Hospitali, masoko na shule nzuri zijengwe kwenye kucha za jiji na si kwenye kiganja peke yake, maana safari isiyolazimika kufanywa ndiyo rahisi kuliko zote. Hayo yakiwapo, ndipo mwenye gari atakapoombwa kulipia nafasi anayoitwaa, naye hatakuwa na haki ya kulalamika.

Pingamizi moja halina budi kujibiwa. Husemwa kwamba mwenye gari amekwisha kulipa kodi ya mafuta na ushuru mkubwa wa forodha, kwa hiyo barabara ni yake pia. Ni yake kweli. Lakini kodi ya lita moja ya mafuta ni ileile saa nane za usiku, barabara ikiwa tupu, na saa moja ya asubuhi, gari lake linapotwaa dakika 116 za watu wengine. Bei isiyotofautisha nyakati hizo mbili haifundishi kitu. Barabara ni ya wote. Swali ni namna ya kuigawa, na mgawanyo wa haki huanza kwa kuwahesabu walioko mezani.

Kazi ya kuhesabu hiyo haihitaji mashine za gharama. Darasa la kidato cha pili laweza kuifanya kwa saa moja. Wanafunzi wanne wasimame mahali salama kando ya barabara iliyo karibu na shule, asubuhi, kwa robo saa. Wa kwanza ahesabu magari madogo na watu waliomo, wa pili mabasi na makadirio ya abiria, wa tatu pikipiki na bajaji, wa nne waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Kisha wachore jedwali lenye safu mbili: vyombo vilivyopita na watu waliopita. Warudie zoezi hilo kila muhula na kulihifadhi jedwali katika maktaba ya shule. Iwapo shule kumi za jiji zitafanya hivyo kwa miaka mitatu, madiwani watakapokaa kujadili upanuzi wa barabara watakuwa na karatasi ambayo haijapata kuwekwa mezani kwao, nayo itakuwa na mistari ya wale waliosimama kituoni tangu alfajiri.